Maktaba ya kijijini si stoo ya vitabu tulivyovichoka

Boksi la vitabu likipakiwa alfajiri kwenye Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi, Dar es Salaam, huweza kufika kijijini kabla ya giza. Lakini likishafika, mara nyingi huishia kabatini. Wakutubi wanaozilea maktaba ndogo za vijijini hupambana na dhana zilezile mwaka hadi mwaka, na nyingi huanzia kwa watu wenye nia njema kabisa hapa mjini.

"Kitabu ni kitabu, kijijini watashukuru chochote."

Sivyo. Maboksi mengi hujaa vitabu vya kiada vya mtaala wa zamani na miongozo ya programu za kompyuta ambazo hakuna anayezitumia tena. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika kwa awamu 2024, kwa hiyo kiada cha zamani kinaweza kumpoteza mwanafunzi anayejiandaa na mtihani. Vinavyosomwa mpaka vikachanika ni hadithi fupi za Kiswahili zenye picha, kamusi, vitabu vya afya ya mama na mtoto, na vya kilimo cha mazao yanayolimwa palepale. Piga simu kwanza: wasomaji ni wa darasa la ngapi, wanalima nini, rafu zimebakiwa na nafasi kiasi gani?

"Mkutubi kazi yake kugonga muhuri na kunyamazisha watu."

Ukutubi ni taaluma inayosomewa, na Bagamoyo kuna chuo chake, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Bodi hiyo iliundwa kwa sheria ya 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam 1967. Mkutubi anayesaidia kijiji huchagua vitabu, humfundisha mtunza maktaba, hukagua daftari, na hurudi tena. Hapo kwenye kurudi ndipo misaada mingi inapokatikia.

"Maktaba nzuri haipotezi kitabu hata kimoja."

Dhana hii ndiyo inayoua maktaba nyingi kuliko mchwa. Mtunza maktaba akijua kitabu kikipotea atadaiwa yeye, atafanya ambalo mtu yeyote angefanya: atafunga kabati na kutembea na ufunguo mfukoni. Fungua ukurasa wa mwisho wa kitabu kwenye kabati kama hilo, uangalie karatasi ya tarehe iliyobandikwa pale. Ni nyeupe pe, haina muhuri hata mmoja. Kitabu kizima kama kilivyotoka dukani, na hakuna aliyekisoma.

Dawa yake ni makubaliano ya maandishi na kamati ya maktaba au serikali ya kijiji. Tunashauri vitabu 5 kwa kila 100 vihesabiwe kuwa uchakavu wa kawaida wa mwaka, vifutwe daftarini mbele ya kamati, na asidaiwe mtu. Kuazima kuwe kitabu kimoja kwa wiki mbili. Faini ya fedha iachwe, maana mtoto aliyechelewesha akisikia faini harudi tena, na kitabu hakirudi.

"Vitabu hamsini havitoshi kuitwa maktaba."

Vinatosha, ila vitembee. Chukua vijiji vinne na masanduku manne yenye vitabu 50 tofauti kila moja. Kila baada ya miezi mitatu masanduku yabadilishane vijiji. Kwa mwaka kila kijiji kitakuwa kimepitiwa na vitabu 200. Ndani ya kifuniko bandika orodha yenye namba, ihakikiwe na anayekabidhi na anayepokea, wote wasaini. Mzunguko ukikwama, chanzo huwa nauli ambayo haikupangiwa bajeti tangu mwanzo.

"Lazima kila kitabu kipewe namba ndefu."

Kwa vitabu 300, tarakimu tatu za Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, zinatosha: 610 afya, 630 kilimo, 896 fasihi ya Kiafrika. Ongeza utepe wa rangi mgongoni, hata mtoto ajuaye kusoma kidogo atarudisha kitabu mahali pake.

"Kitabu chenye wadudu kianikwe juani."

Jua hupausha jalada na kupinda karatasi, na mayai yaliyojificha mgongoni huweza kubaki hai. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kikitoka, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo unyevu utatua kwenye kurasa na kuleta ukungu. Fanya hivyo Dar kabla ya kutuma, kwa sababu friza ya kugandisha hivyo na umeme usiokatika ni vigumu kuvipata kijijini.

Kule, rafu ikae sentimita 10 kutoka ukutani na ubao wa chini uinuliwe sentimita 15, hasa wakati wa masika. Ukurasa uliochanika usibandikwe selotepu, kwani gundi yake hugeuka njano na karatasi hukatika pembeni yake. Tumia gundi nyeupe kidogo na kipande cha karatasi nyembamba, kisha ubane kitabu chini ya kitu kizito usiku kucha.