Wi-Fi Yenye Nenosiri Nayo Husikilizwa

Dhana: "Wi-Fi yetu ina nenosiri, hakuna wa kutusikiliza."

Kauli hii husikika kila mara kwenye ofisi ndogo, na mara nyingi nenosiri lenyewe limebandikwa ukutani pale kaunta. Katika WPA2 ya kawaida, aina ya ulinzi wa Wi-Fi, kila anayelijua nenosiri anaweza kufungua mawasiliano ya wenzake. Kifaa kinapojiunga, hubadilishana na ruta jumbe nne. Jumbe hizo pamoja na nenosiri ndizo huzaa ufunguo wa kipindi hicho. Aliyezinasa hewani akiwa na nenosiri hutengeneza ufunguo uleule. Na kama simu yako ilijiunga zamani, msikilizaji huikata kwa ujumbe bandia, ikajiunga upya yenyewe, naye akazipata.

Asiye na nenosiri hajakwama. Hunasa jumbe hizohizo, akaenda kubahatisha nenosiri kwake bila ruta kujua lolote. Ndiyo maana namba ya simu haifai hata kidogo kuwa nenosiri! Namba inayoanza na 07 imebakiza tarakimu nane, yaani michanganyiko milioni 100, na kadi nzuri ya michoro hujaribu mamia ya maelfu kwa sekunde. Ni kazi ya dakika chache. Jina la duka na mwaka halina nafuu. Weka maneno matano au sita yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya ruta, mara nyingi kwa kuandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari, uchague WPA3, toleo jipya la ulinzi huo. Humo, kulijua nenosiri hakutoshi kufungua kilichonaswa. Ukichagua hali ya mchanganyiko (WPA2 na WPA3 pamoja), vifaa vinavyoingia kwa WPA2 vinabaki na udhaifu uleule. Kifaa cha zamani kikigoma, usiushushe mtandao mzima kwa ajili yake: kipe mtandao wake wa WPA2 yenye AES (njia imara ya kusimba, yaani kuficha data), kamwe si TKIP, njia ya zamani iliyo dhaifu. Wateja nao wawe na mtandao wa wageni, nenosiri lake, na utenganishaji wa vifaa umewashwa, asije mmoja akajifanya ruta mbele ya kompyuta ya mhasibu. Mfanyakazi akiondoka, nenosiri libadilishwe siku hiyohiyo.

Dhana: "Nimeficha jina la mtandao." Jina hupita wazi kila kifaa kinapojiunga. Tena simu yako hulazimika kuliita hewani kokote uendako. Lirudishe.

Dhana: "Nimeruhusu anwani za MAC ninazozijua tu." Anwani hizo, namba za kutambulisha vifaa, hazifichwi hewani, msikilizaji hunakili moja akaivaa. Utakayemsumbua ni mfanyakazi mwenye simu mpya.

Dhana: "WPS haina shida, nenosiri langu ni refu." WPS ni njia ya kujiunga bila kuandika nenosiri. PIN yake ya tarakimu nane hukaguliwa kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile nyingine. Majaribio yanayobaki hayazidi 11,000. Hili liko wazi tangu 2011. Zima WPS leo.

Dhana: "Kivinjari kinaonyesha kufuli, inatosha." HTTPS, ulinzi unaoonyeshwa na kufuli hilo, huficha yaliyomo kwenye ukurasa; majina ya tovuti mara nyingi huonekana kupitia DNS, mfumo wa kutafuta anwani za tovuti. Na si kila kitu hupita kwenye kivinjari. Orodha ya mishahara inayotumwa kwa printa kwa kawaida haisimbwi kabisa. Kompyuta ya mhasibu na printa ziunganishe kwenye ruta kwa waya, zote mbili, halafu uzime Wi-Fi ya printa.