Kondo la mama, kondo la kondoo

Wiki iliyopita kaka mmoja aliingia na mkewe kwenye chumba cha utrasaundi hapa Kigoma. Alimsubiri mkewe alale kitandani, kisha akanisogezea simu yake kimyakimya, kama mtu anayetaka kukopa. "Daktari, nimesoma kwamba zile dawa za nguvu za kiume zinamkuza mtoto tumboni. Ninunue?"

Mimba ilikuwa ya wiki 29. Mtoto nilimkadiria gramu 800 hivi, mdogo mno kwa umri huo. Sikucheka. Swali lake lilishaulizwa na watafiti wakubwa, na jibu lake liligharimu maisha.

Mtoto wa tumboni hulishwa na kondo la nyuma. Miezi ya mwanzo ya mimba, chembe za kondo hupenya kwenye vijishipa vya mji wa mimba, vilivyojikunja kama skrubu, na kuvitanua viwe mifereji mipana. Visipotanuka, damu ya mama hufika kidogo, chakula na oksijeni hupungua, mtoto anadumaa. (Kwetu hapa malaria nayo hujificha ndani ya kondo na kuleta balaa lilelile. Ndiyo maana wakunga wanakumezesha vidonge vya SP, dawa ya malaria, mbele ya macho yao kuanzia mwezi wa nne. Usivifiche shavuni.)

Sildenafili (ndiyo Viagra), dawa aliyoisoma yule kaka, hulegeza mishipa ya damu. Basi mtu akiwaza kwamba itailegeza na ile ya mji wa mimba, hajawaza vibaya. Huwezi kuanza na mama mjamzito, kwa hiyo ilianza na wanyama, na kondoo ndiye anayependwa zaidi: mwanawe ana ukubwa unaokaribia wa binadamu, na unaweza kumwekea mirija ya kupima damu akiwa bado tumboni. Mwaka 2010 watafiti wa Texas walitoa taarifa ya kondoo wenye mimba walionyimwa nusu ya chakula: waliopewa dawa walibeba wana wazito zaidi. Habari njema. Lakini mwaka mmoja kabla, huko Australia, watafiti walikuwa wamefunga mshipa mmoja wa kitovu cha mwanakondoo ili adumae, wakampa mama yake dawa ileile. Damu ya kwenye mji wa mimba ilipungua badala ya kuongezeka, na mwana akakosa oksijeni zaidi.

Dawa moja, mnyama mmoja, majibu mawili. Kwangu mimi hapo ndipo penye somo lote. Kondoo wa kwanza alikuwa na njaa, lakini kondo lake halikuwa na kasoro. Wa pili alikuwa na njia ya damu iliyozibwa. Mama aliyelala kitandani pangu hakuwa na njaa, na hakuna aliyemfunga mshipa; kasoro yake ilianza kondo lilipokuwa linajijenga. Tena kondo la kondoo ni vifungo vingi vilivyotawanyika, na damu ya mama haigusani na kondo lenyewe kama inavyogusana kwetu. Simbilisi, yule mnyama mdogo wa kufugwa jikoni, kwa hilo anatukaribia zaidi.

Wazungu wakaendelea na majaribio kwa kina mama. Uingereza walishiriki wanawake 135, na dawa haikurefusha mimba hata kidogo. Uholanzi jaribio lilisimamishwa Julai 2018. Kwa hesabu ya wakati huo, watoto 17 wa kina mama waliopewa dawa walipata shida ya mapafu na 11 kati yao wakafariki. Upande wa waliopewa vidonge visivyo na dawa, shida hiyo iliwapata 3 na haikuua hata mmoja. Inaelekea dawa ilivuka kondo na kuvuruga mishipa ya mapafu, ambayo inatakiwa ibaki imebana hadi mtoto avute pumzi ya kwanza.

Nilimweleza yule kaka yote hayo, kwa maneno mepesi kuliko haya. Akaniuliza kama basi hawa kondoo wanachinjwa bure. La. Mwaka 1969 Graham Liggins wa New Zealand alikuwa akichunguza nini huanzisha uchungu, akawapa wanakondoo homoni. Mmoja alizaliwa kabla ya wakati akiwa anapumua, ilhali mapafu yake hayakupaswa kuwa tayari. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie wakaonyesha kwamba sindano za homoni za aina hiyo huokoa watoto njiti wa binadamu. Ndiyo ile sindano ya kukomaza mapafu tunayochoma wodini.

Na ndiyo niliyomwandikia mkewe, si kile kidonge. Kwanza nilihakikisha tarehe, maana nusu ya "watoto wadogo" ninaoletewa ni hedhi iliyokumbukwa vibaya. Yeye alikuwa na picha ya wiki 11 kwenye kadi yake, kwa hiyo sikuwa na pa kujifariji. Dopla ya kitovu, kipimo cha mwendo wa damu, ilionyesha damu bado inasonga mbele hata moyo wa mtoto unapopumzika, ila kwa unyonge. Ikisimama, tutapima kila siku. Ikirudi nyuma, tutamtoa.

Wanatoka kijiji cha ziwani, safari ya boti. Nimewaomba wakae mjini kwa shangazi yake mpaka ajifungue. Kaka ameifuta ile habari kwenye simu; kesho saa mbili asubuhi wanarudi kwenye kipimo.