Maoni kuhusu bajeti ya kaunti: usingoje hadi Mei

Kila mwaka nchini Kenya, Mei inapoingia, kumbi za wadi hujaa. Wazee, kina mama wa vikundi, vijana wa bodaboda, kila mmoja ana ombi lake: daraja, zahanati, kisima. Karani huandika, watu hutia sahihi daftari la mahudhurio. Kisha bajeti hutoka na ombi halimo. Wengi husema kaunti haisikilizi, na pengine ni kweli. Lakini mara nyingi fedha zilikuwa zimeshagawanywa kabla ya mkutano, na hilo wananchi hawaambiwi.

Mgao mkubwa hufanywa katika Taarifa ya Mkakati wa Fedha, ambayo hazina ya kaunti hutakiwa kuiwasilisha kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari. Humo ndimo kila idara huwekewa kikomo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inailazimu hazina kutafuta na kuzingatia maoni ya wananchi inapoiandaa. Makadirio ya bajeti huja baadaye, kufikia 30 Aprili, na hapo kamati ya bajeti nayo husikiliza umma. Ila nafasi yake ni finyu: kanuni za 2015 za sheria hiyo haziruhusu bunge la kaunti kuongeza wala kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya kikomo chake. Idara yenye kikomo cha shilingi milioni 500 haitaongezewa zaidi ya milioni 5, hata wadi zote zikilia.

Kwa hiyo anayetaka afya itangulie barabara aseme Januari, taarifa ikiandaliwa. Mwenye mradi mahususi aseme mapema zaidi, kwa kuwa Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, unaotaja miradi yenyewe, hutangulia taarifa hiyo: huwasilishwa kwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba.

Maafisa wakishapokea maoni huuliza kwanza: je, hili ni jukumu la kaunti? Katiba, katika Jedwali la Nne, inaipa kaunti chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na barabara za kaunti. Shule za sekondari na polisi ni za serikali ya kitaifa. Ombi la bweni la sekondari, hata likitiwa sahihi na kijiji kizima, huondolewa papo hapo. Yanayobaki hupimwa kwa gharama na kwa idadi ya watakaofaidika. Kusema "tunataka maji" hakumsaidii afisa. Mwambie ni kisima kipi pampu yake imeharibika na ni kaya ngapi zinakitegemea.

Kaunti ya Makueni ilijenga utaratibu wa kufaa kuigwa: mijadala huanzia vijijini na kupanda ngazi hadi kaunti, wananchi wenyewe wakipanga kipaumbele njiani.

Deni kubwa la viongozi, kwa maoni yangu, ni majibu. Katika uamuzi wa 2019 kuhusu kanuni za tumbaku, Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba ushirikishwaji wa umma uwe wa kweli, si wa kutimiza utaratibu tu. Anayekataa ombi la watu awaeleze sababu. Usipoelezwa, iombe ripoti ya maoni kwa maandishi; Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kukujibu. Akinyamaza, malalamiko yapeleke kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani ofisi ya Ombudsman.