Tunayoambiana kuhusu mafuta huku mwisho wa reli

Mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, kila petroli ikipanda bei, kuna neno halikosi kusemwa: "Mafuta ya dunia yanaisha." Nimelisikia tangu utotoni, na wazee walionitangulia walilisikia pia. Si kweli, au tuseme si kwa namna tunavyodhani.

Tunayafikiria mafuta kama maji ya pipa: ukichota kila siku, iko siku kata itagonga chini. Lakini mafuta yamekaa ndani ya vitundu vidogo vidogo vya mwamba, na mara nyingi kinachotolewa ni kama theluthi tu ya kilichomo. Mengine yanaachwa kwa sababu kuyatoa ni ghali. Bei ikipanda, au mbinu mpya ikipatikana, yale yaliyoachwa yanarudi kwenye hesabu. Mwaka 1956 mtaalamu wa miamba wa Marekani, M. King Hubbert, alisema uzalishaji wa nchi yake ungefika kileleni kabla au karibu ya 1970, kisha ushuke. Ulifika 1970, ukashuka kweli. Baadaye Wamarekani wakajifunza kupasua miamba migumu kwa maji ya shinikizo kubwa, na ilipofika 2018 walikuwa wanatoa mafuta mengi kuliko wakati wowote uliopita.

Kinachotuumiza sisi ni bei, na bei haingoji mafuta yaishe. Mwaka 1973 kuingia 1974 ilipanda karibu mara nne, mafuta yakiwa tele ardhini. Mwaka 2022 pipa lilipita dola 120. Huku kwetu ongeza na safari: kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Ndiyo maana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikitangaza bei kikomo, ya kwetu huwa juu ya ile ya Dar.

Wengine wameweka matumaini kwenye bomba la kutoka Hoima, Uganda, kwa kuwa linapita kwa jirani zetu wa Tabora, Nzega na Igunga. Lile ni bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, yapakiwe melini. Nchi yetu haina kiwanda kinachoyasafisha. Ajira na mapato yapo, lakini petroli ya sheli itaendelea kufuata bei ya dunia.

Dhana inayonigusa zaidi ni hii: "Gesi ya mtungi inatoka Mtwara, ni yetu." Shangazi yangu wa Ujiji aliamini hivyo aliponunua mtungi wake wa kwanza. Gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo ni methani, na methani haigeuki kimiminika kwa kubanwa tu. Husafiri kwa bomba, kwenda kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Iliyo kwenye mtungi wa jikoni ni propani na butani, ambazo shinikizo dogo tu huzigeuza kimiminika. Tikisa mtungi, utasikia kitu kinachezacheza ndani kama maji. Hiyo inaletwa kwa meli kutoka nje. Nasema hivi huku nikitaka kwa dhati akina mama waachane na moshi na miombo yetu ipone. Lakini mtu aambiwe ukweli kabla hajanunua, kwa sababu shangazi alishindwa kujaza tena, akarudi kwenye mkaa. Mtungi uko kona ya jiko, amewekea ndoo juu yake.

Na umeme? Miaka mingi Kigoma iliwashwa kwa majenereta ya dizeli. Sasa gridi imefika, na bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115. Ni jambo kubwa, ila umeme ni kama sehemu moja kati ya tano tu ya nishati wanayotumia watu duniani. Malori na boti bado vinakunywa mafuta, na karibu asilimia 80 ya nishati yote ya dunia ingali ya mafuta, gesi na makaa ya mawe.

Wanaosema sola haiwezi kazi ya maana waje ziwani usiku wa giza, wakati wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai, zikila mafuta ya taa hadi alfajiri. Kati ya 2010 na 2020 bei ya paneli ilishuka kwa karibu asilimia 90, na leo wavuvi wengi wanatoka na taa za betri, nyingine zimechajiwa juani mchana. Kwenye mtumbwi huohuo, nyuma, limefungwa dumu la petroli ya injini.