Tiba shufaa si kuagwa

Mzee akiandikiwa tiba shufaa, nyumbani huanza minong'ono: basi, madaktari wamemkatia tamaa. Imani hiyo ni ya miaka mingi, na si kweli. Huduma hii hutuliza maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi, hata hofu, na inaweza kuanza mara tu ugonjwa mzito unapogunduliwa, sambamba na dawa za moyo, figo au saratani.

Kinachoogopwa zaidi ni mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Shirika la tiba shufaa la Hospice Africa Uganda, lililoanza 1993, huitoa ya maji: mgonjwa hunywa kipimo chake kila baada ya saa nne, na cha usiku huongezwa maradufu ili alale. Ikipimwa vizuri haiharakishi kifo. Kufunga choo, hapo kweli inafunga; ndiyo maana huandikwa pamoja na dawa ya kulainisha.