Mtoto Mchanga Akigeuka Manjano: Hesabu Saa Kwanza

Je, hii ndiyo homa ya manjano?

Hapana, majina tu ndiyo yanayokaribiana. Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi vinavyoenezwa na mbu. Manjano ya mtoto mchanga hutokana na bilirubini, rangi inayobaki chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Mtoto huzaliwa na chembe hizo kwa wingi, na ini lake bado halijawa na nguvu ya kuitoa rangi hiyo. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya watoto huipata wiki ya kwanza.

Nitajuaje kama ni ya kawaida?

Hesabu saa tangu alipozaliwa. Manjano ya kawaida huanza siku ya pili au ya tatu na kufifia ndani ya wiki mbili. Kwa njiti, wiki tatu. Yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza si ya kawaida, hata kama mtoto ananyonya vizuri. Mara nyingi damu inavunjika kwa kasi: mama ni kundi O na mtoto ni A au B, au kundi la Rhesus (alama ya chanya au hasi ya damu) halilingani, au mtoto ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, au ana maambukizi. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Siku yoyote ile, mtoto wa manjano anayekataa kunyonya, aliyelegea, anayelia kwa sauti nyembamba, anayepinda mgongo kwa nyuma au mwenye degedege ni wa dharura. Bilirubini ikiingia ubongoni huweza kuacha uziwi na ulemavu usiotibika.

Kwenye ngozi nyeusi yanaonekana wapi?

Msogeze kwenye mwanga wa mchana. Tazama weupe wa macho na fizi, kisha bonyeza paji la uso kwa kidole, uachie, na uone kama hapo pana manjano. Yakifika viganjani na kwenye nyayo, ni makali. Lakini jicho hudanganya, hata la muuguzi mzoefu. Kinachoamua ni kipimo: kifaa kinachogusishwa kwenye ngozi, au damu ya kisigino. Bilirubini ya mikromoli 200 kwa lita kwa mtoto aliyetimiza miezi tumboni na mwenye siku nne kwa kawaida hufuatiliwa tu. Kwa mwenye saa 12, ni tiba mara moja.

Nimwoteshe jua?

Tunasisitiza: hapana. Ni kweli wazo la tiba lilianzia juani. Mwaka 1956, muuguzi Jean Ward wa hospitali ya Rochford, Uingereza, aliona ngozi ya mtoto aliyepelekwa nje imepauka, isipokuwa sehemu iliyofunikwa na shuka. Lakini jua huja pia na miale inayounguza, na mtoto aliyevuliwa nguo hupata joto kali au baridi. Baya zaidi ni siku zinazopotea huku bilirubini ikipanda.

Taa ya hospitali hutoa mwanga wa bluu wa takriban nanomita 460 hadi 490, unaobadili umbo la bilirubini ili itoke kwa nyongo na mkojo bila kusubiri ini liichakate kwanza.

Akiwa chini ya taa nifanye nini?

Abaki na nepi ndogo tu na kitambaa cha macho, kisiteleze kikaziba pua. Kila sehemu unayoifunika haitibiwi. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku, na usimtoe zaidi ya dakika 30 kila mara. Maji na glukosi hujaza tumbo bure. Maziwa ndiyo yanayosukuma choo, na choo kikikaa tumboni bilirubini hufyonzwa tena.

Kipimo hurudiwa saa 4 hadi 6 baada ya kuanza. Usiridhike na rangi, kwani taa huipausha ngozi kabla damu haijasafika. Taa ikizimwa, apimwe tena baada ya saa 12 hadi 18, maana kiwango huweza kupanda upya. Kikikataa kushuka na kufikia hatari, hubadilishwa damu.

Nyumbani kuna cha kuepuka?

Nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kuhifadhia nguo. Mvuke wake huvunja damu ya mtoto mwenye upungufu wa G6PD. Usiviweke kabisa kwenye nguo na mablanketi yake.

Wiki mbili zimepita na bado ni wa manjano?

Chungulia nepi. Choo kilichopauka kama chokaa na mkojo unaotia doa ni ishara kuwa huenda mirija ya nyongo imeziba. Mdai daktari kipimo cha bilirubini iliyokwisha kupita kwenye ini, mapema, kwa sababu upasuaji wa mirija hiyo hufanikiwa zaidi mtoto akiwa hajatimiza siku 60.