Nemanja Vidić: yanayosemwa vijiweni na yaliyotokea uwanjani

Mashabiki wa Manchester United waliojazana kwenye vibanda umiza miaka ya 2007 hadi 2011 wana hadithi zao za Vidić, beki wa kati kutoka Serbia, na mashabiki wa Liverpool nao wana zao. Kila upande unasimulia kwa uhakika mkubwa. Tatizo ni kwamba hadithi kadhaa kati ya hizo ni nusu ya habari, na moja ni uongo mtupu.

"Alifika England akiwa moto tayari"

Hapana. United walimchukua kutoka Spartak Moscow dirisha dogo la Januari 2006, kwa pauni milioni 7 hivi. Ligi ya Urusi wakati huo ilianza Machi na kuisha Novemba, kwa hiyo alitua Manchester akitoka likizo, miguu mizito, huku wenzake wakiwa katikati ya msimu. Patrice Evra, aliyesajiliwa mwezi huohuo, alitolewa wakati wa mapumziko katika mechi yake ya kwanza dhidi ya Manchester City. Vidić yeye alianzia benchi, akaingizwa dhidi ya Blackburn kwenye nusu fainali ya Kombe la Ligi. Wapo waliosema kocha Ferguson kapigwa kwa wote wawili. Msimu uliofuata wakabeba ubingwa, Vidić akicheza beki wa kati pembeni ya Rio Ferdinand.

"Alikuwemo Argentina walipowapiga 6-0"

Huu ndio uongo mtupu. Tarehe 16 Juni 2006, mjini Gelsenkirchen, Serbia na Montenegro walipigwa sita bila majibu, na Vidić hakukanyaga nyasi. Hakucheza hata dakika moja ya Kombe la Dunia lile. Mechi ya kwanza dhidi ya Uholanzi alikuwa anatumikia adhabu ya kadi nyekundu aliyopewa dhidi ya Bosnia kwenye mechi ya mwisho ya kufuzu, kisha akaumia mazoezini, safari ikaishia hapo.

Kinachouma zaidi ni kwamba ukuta wa timu ile ulikuwa gumzo la Ulaya. Vidić, Krstajić, Gavrančić na Dragutinović walimaliza mechi 10 za kufuzu wakiwa wameruhusu bao moja tu, tena kundi lao lilikuwa na Hispania. Kumtwisha mabao sita mtu aliyekuwa jukwaani ni kumwonea.

Na tukiwa hapohapo: beki huyu aliwahi kuchezea timu ya taifa chini ya majina matatu bila kuhama nchi. Alianza 2002 ikiitwa Yugoslavia, ikawa Serbia na Montenegro, kisha Serbia peke yake.

"Torres alimmaliza"

Hapa mashabiki wa Liverpool wana hoja, ila wanaisimulia nusu. Old Trafford, 14 Machi 2009. United wanaongoza kwa penalti ya Ronaldo. Dakika ya 28 mpira mrefu unapigwa kutoka nyuma, Vidić anauacha udunde badala ya kuuondoa kwa kichwa, Torres, mshambuliaji wa Liverpool, anampokonya na kwenda kumfunga Van der Sar, kipa wa United. Dakika ya 76 anamvuta Gerrard aliyekuwa anakwenda zake golini: nyekundu. Fabio Aurelio anaiweka faulo ileile wavuni. Mwisho, Liverpool 4-1.

Kadi hiyo ilikuwa ya pili kati ya tatu alizopata katika mechi tatu mfululizo za ligi dhidi ya Liverpool, na Machi 2014 akaongeza ya nne. Rekodi mbaya, hakuna wa kuitetea.

Sasa nusu ya pili. Siku kumi tu kabla ya kipigo kile ndipo Newcastle walipomfunga Van der Sar baada ya dakika 1,311 za ligi bila kuokota mpira wavuni, na nguzo ya ukuta ule alikuwa Vidić. United wakamaliza na pointi 90, Liverpool 86. Tuzo ya mchezaji bora wa msimu wa Ligi Kuu ya England ikaenda kwake, beki wa kwanza kuitwaa. Akaichukua tena 2011, akiwa nahodha. Mabeki wenzake Kompany, Van Dijk na Dias wameipata baadaye, kila mmoja mara moja.

"Kazi yake ilikuwa kubutua tu"

Mabao 21 katika mechi 300 za United, mengi kwa kichwa. Desemba 2008 aliwafunga Sunderland dakika za nyongeza, 1-0. Mei 2011 aliwatia Chelsea kichwa katika ushindi wa 2-1 ulioamua ubingwa.

"Inter alikwenda kula pensheni"

Alihamia Inter, klabu ya jiji la Milan, Italia, 2014 bila ada. Mechi ya kwanza ya ligi, dhidi ya Torino, alisababisha penalti kipindi cha kwanza na mwishoni akatolewa kwa nyekundu. Penalti hiyo ilipanguliwa na Samir Handanović, kipa yuleyule aliyepangua penalti ya Vidić mwenyewe kule Maribor, Oktoba 2011, siku Slovenia ilipoinyima Serbia nafasi ya kucheza mchujo wa kufuzu Euro 2012. Baada ya usiku ule Vidić aliachana na timu ya taifa.

Mwili ndio ulimwangusha. Goti lilikuwa limeharibika kwenye mechi ya United huko Basel, Uswisi, Desemba 2011, na msimu wake wote ukaishia pale, ingawa alirudi na kuwa nahodha wa mabingwa wa 2013. Huko Italia ukawa mgongo, akafanyiwa upasuaji. Januari 2016 alivunja mkataba na Inter kwa makubaliano, na siku chache baadaye akatangaza kustaafu, akiwa na miaka 34.